Nilichelewesha kwa makusudi gauni la shukrani la rafiki yangu

Shikamoo mama mshauri. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nina miaka 38, mume na watoto watatu. Kwaya ya usharika naimba sauti ya pili. Nakuandikia wewe kwa sababu jambo hili siwezi kulisema kwenye jumuiya. Huyo ninayemwonea wivu ndiye ana zamu ya kutukaribisha nyumbani kwake wiki ijayo.

Nitamwita Mama Furaha, si jina lake. Mwaka 2012 tulikuwa tunapanga nyumba moja, milango imetazamana, choo kimoja, bili ya maji tunagawana. Nilipojifungua mtoto wa pili kwa upasuaji, yeye ndiye aliyenifulia nepi na kunipikia mtori wiki tatu nzima. VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopa, tuliingia siku moja, mkopo wa kwanza tulichukua siku moja. Yeye akaanza kuuza mitumba ya watoto pale soko la Memorial, ametandika turubai chini. Mimi nikanunua ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa. Leo ana fremu mbili na mwaka huu amehamia kwake. Sisi tuna kiwanja tulichonunua 2017 kule Njia Panda, msingi ulisimama pale pale, na mara ya mwisho nilipokwenda nilikuta mbuzi wa watu wamelala sebuleni. Nasema sebuleni kwa imani.

Mama Furaha hajanikosea chochote, na hapo ndipo ninaposhindwa. Angekuwa anaringa, au mali yake ina maneno maneno, ningejua la kumwambia Mungu. Zaburi ya 73 naipenda sana, lakini yule Asafu aliwaonea wivu wasio haki, akaingia patakatifu akauona mwisho wao, akatulia. Mimi nikiingia patakatifu namkuta Mama Furaha amefika kabla yangu, anapanga viti.

Mwezi wa nane aliniletea kitenge, yadi 6, nimshonee gauni la Jumapili ya shukrani ya nyumba. Alilipa yote, elfu thelathini, na wateja wangu wengi huacha nusu, hiyo nusu nyingine uidai mpaka Krismasi. Nilikata Jumatatu. Kufika Jumatano lilibaki kutia zipu na kupinda pindo tu. Usiku huo akatuma picha za nyumba kwenye grupu. Nilizikuza kwa vidole nikahesabu feni za darini, nikaangalia pazia limeshonwa na nani. Asubuhi nikalikunja lile gauni nikaliweka chini kabisa ya kazi za watu. Alhamisi sikuligusa. Ijumaa nikashona sare ya shule ya mtoto ambaye hata hakuwa na haraka.

Jumamosi jioni akaja. Nikamwambia umeme ulikatika.

Mama, cherehani yangu ni ya kukanyaga. Yeye anajua, kwa sababu mwaka ule wa nyumba ya kupanga alijifunzia kwenye cherehani hiyo hiyo kupinda mashuka yake. Ovaloki inataka umeme, ndiyo, lakini ovaloki nilishaipiga, na gauni lilionekana pale chini ya lundo, pindo limening'inia na pini zake. Alinitazama kidogo, akasema, "Pole dada yangu, kazi ni nyingi." Akaondoka mikono mitupu.

Kesho yake akaenda mbele na gauni lake la Krismasi ya zamani. Kwaya tukaimba, watu wakamsindikiza wakicheza, na mkungu wa ndizi na kuku wawili kwa ajili ya mnada. Akapewa kipaza sauti. Akashukuru mume, wazazi, wenzetu wa VICOBA, halafu akanitaja mimi, kwamba nilimsitiri siku ambazo hakuwa na hata ya sukari. Kanisa zima likageuka. Nikatabasamu kama niliyemeza sindano. Jumatatu nililimaliza gauni kwa dakika arobaini.

Tangu hapo nimejaribu mengi. Mzee wa kanisa mmoja aliwahi kutufundisha kwamba wivu ukikushika, angalia walio chini yako. Nikafanya hivyo. Kuna mama jirani anagonga kokoto, nikampelekea unga na sabuni, nikakaa naye, nikamwangalia mikono. Kweli nilirudi nimepoa. Lakini usiku nikajiuliza nilichokula kule ni nini. Nilikwenda kupima maisha yangu kwa umaskini wake, nikaona nimemzidi, nikafurahi. Hiyo si mizani ile ile niliyompimia Mama Furaha, nimeigeuza tu? Je, mama, huko ndiko kuridhika? Sijarudi kwa yule jirani, namwonea aibu ingawa yeye hajui.

Paulo anasema, "nimejifunza kuwa radhi na hali yoyote niliyo nayo," na wakati huo alikuwa kifungoni. Nimelishika hilo neno nimejifunza. Fundi hujifunza kwa kukaa na fundi, anaharibu vitambaa vya watu mpaka mkono unatulia. Kuridhika wanajifunza kwa nani? Mahubiri nimesikia mengi, mtu wa kunionyesha anavyofanya kila siku asubuhi sijampata. Na Petro alipomwona yule mwanafunzi mwingine akauliza, "Bwana, na huyu je?", Yesu alimjibu, "imekupasaje wewe? wewe unifuate mimi." Nikilisoma linanichoma, lakini nikifunga Biblia bado swali langu ni lile la Petro.

Na usinielewe vibaya, nyumba naitaka. Kodi ni elfu themanini kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo. Sidhani Mungu ananitaka niache kukitamani kiwanja changu mwenyewe.

Mume wangu nilimweleza yote. Anasema nisimwambie Mama Furaha, kwamba nitamtwisha mwenzangu mzigo ili mimi nipate usingizi. Labda ana haki. Lakini nadhani mwenzangu alishajua tangu ile Jumamosi, na kila akiniita dada nasikia kama ananingoja.

Sasa binti yake na binti yangu wanapata kipaimara siku moja. Juzi alikuja na kitambaa cheupe cha lesi, kizuri, sikuwahi kushona kizuri kama hicho. Akakiweka mezani, akatoa na cha pili kinachofanana nacho. Akasema, "Hiki cha binti yetu mwingine." Hakuniuliza kama nimeshanunua. Nilikuwa nimenunua, cha bei yangu, kiko kabatini. Nilisema asante, na moyoni sikujua kama ni upendo au ananihurumia.

Naomba unisaidie mambo mawili: nimwambie ukweli au ninyamaze, na hicho kitambaa nikipokee au nimshonee mwanangu kile cha kwangu? Binti mwenyewe ameshakiona cha lesi. Vipimo vya wote wawili nimechukua, mkasi uko juu ya meza, na sijakata hata kimoja.

Fundi wa Moshi