Nyaraka za pwani: tafuteni cheo, si jina

Mhariri,

Wapo wasomaji wako wa Malindi na Lamu wanaofunga safari hadi Nairobi kutafuta kumbukumbu za DC (mkuu wa wilaya wa enzi za ukoloni) au liwali (mtawala wa mji wa pwani) aliyeshughulikia haki za watumwa walioachwa huru, wakarudi mikono mitupu na kusema serikali imezificha. Mara nyingi zipo. Wameulizia jina la mtu, ilhali faili hazikupangwa kwa majina ya watu.

Makavazi ya Kitaifa, pale Moi Avenue, hupanga faili kwa ofisi iliyozitoa: za DC wa Lamu huanza na alama DC/LAM, za Mkuu wa Mkoa wa Pwani PC/COAST. Afisa alihamishwa, faili ikabaki, na aliyemrithi akaendelea kuandika humo humo. Basi jua kwanza mtu wako alishika cheo gani, tangu mwaka gani hadi gani; teuzi zilitangazwa katika Gazeti Rasmi. Ndipo uombe orodha ya faili na kunakili namba nzima. Namba pungufu haileti faili.

Tungeanza na ripoti za makabidhiano. DC anayeondoka alimweleza anayeingia mashauri yaliyobaki kiporo, na humo husemwa wazi mambo ambayo ripoti ya mwaka huyapitia juu juu. Kisha nendeni kwenye mashauri yenyewe. Sheria ya 1907 iliyoondoa utumwa huku pwani iliwaruhusu mabwana kudai fidia, na ile ya hatimiliki ya 1908 ikamtaka kila mwenye kudai shamba aandikishe dai lake. Aliyeachwa huru aweza kutajwa mara moja tu, tena kama shahidi katika dai la mtu mwingine. Someni kila ukurasa, pamoja na karatasi za hati ya Kiarabu, ambazo wengi huziruka.

Nakala ya wilayani ikiwa imeliwa na mchwa, msikate tamaa. Barua nzito ilipelekwa kwa Mkuu wa Mkoa, na jambo likifika kwa Gavana liliweza kuandikwa London, ambako barua za Kenya zimo katika mkusanyo CO 533 huko Kew, kwenye makavazi ya taifa ya Uingereza. Kwa miaka ya 1950 tazameni pia mkusanyo FCO 141, ambamo mna faili zilizosafirishwa kabla ya uhuru na ambazo Uingereza ilikiri mwaka 2011 kuwa inazo.

Faili ikiwa bado katika ofisi ya serikali, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuiomba kwa maandishi, kwa Kiswahili akipenda, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikataa, lalamikeni kwa Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali.

Linalotuumiza zaidi ni watu wenye nia njema wanaochomoa barua zote za afisa mmoja ili wamtengenezee jalada lake la heshima. Barua iliyotengwa na malalamiko yaliyoizaa, na majibu yaliyoifuata, haithibitishi tena kwamba alimtetea mtu yeyote. Pigeni picha badala yake: kwanza ganda la faili lenye namba, kisha kurasa kwa mfuatano wake, zilizo tupu nazo. Andikeni kwa penseli tu. Pini zilizoshika kutu kwa hewa ya chumvi zisivutwe kwa nguvu, karatasi itachanika. Selotepu ni mwiko, gundi yake hugeuka kahawia na kula wino. Karatasi yenye unyevu isifungwe ndani ya plastiki, itaota ukungu. Wala isianikwe juani, maandishi yatafifia.

Na ofisi zinazohama au kusafisha stoo ziwaite maafisa wa Makavazi kabla ya kuchoma chochote. Sheria hairuhusu kuharibu nyaraka za umma bila idhini ya mkurugenzi wao.

Watafiti wa nyaraka za pwani,
Malindi