Msuli uliochanika haujengwi kwa kuchuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kuhusu jambo linalowaumiza vijana wengi hapa Tanga. Mchezaji akichanika msuli wa paja, au kuli akivutika nyama za mgongo kwa mzigo, jioni hiyohiyo huchuliwa kwa mafuta na maji ya moto, kisha huletewa bakuli la supu ya kongoro ili "nyama irudi". Kuchua siku hiyo ni kosa, na supu ile haifanyi kazi inayodhaniwa. Sababu imo ndani ya msuli wenyewe, katika namna unavyoamua lini utengeneze protini na lini usubiri.

Ubavuni mwa kila uzi wa msuli, chini ya utando wake wa nje, zimo seli shina ziitwazo seli setilaiti, ambazo Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961. Msuli ukiwa mzima, seli hizi zimelala. Protini moja iitwayo eIF2, inayohitajika ili ribosomu, yaani mtambo wa seli wa kutengeneza protini, ianze kazi, imebanwa kwa kemikali ndogo iitwayo fosfati, kwa hiyo seli hutengeneza protini kidogo sana. Lakini ujumbe wa jeni ya Myf5, unaoielekeza seli kuwa msuli, umeshaandikwa na kuwekwa kando. Ni chungu kilichokwisha kuiva, bado hakijapakuliwa. Ndiyo maana msuli ukijeruhiwa seli huamka upesi.

Siku mbili tatu za mwanzo si za kujenga. Chembe nyeupe za damu huingia, na aina yake moja, makrofaji, hula mabaki ya nyuzi zilizokufa, kisha hubadilika na kuanza kusaidia ujenzi. Panya walioondolewa makrofaji hupona vibaya. Anayekandamiza paja kwa nguvu na kwa joto siku ya kwanza anazidisha damu inayovuja humo, na damu iliyoganda ndani ya msuli wa paja yaweza hata kuota mfupa. Kwa saa 48 za mwanzo mguu upumzishwe, ufungwe bendeji isiyokaba na uinuliwe. Vidonge vya kuzuia uvimbe navyo visimezwe wiki nzima kwa mazoea: kwa panya, kuzuia kimeng'enya cha COX-2, ambacho vidonge hivyo hukizima, kumechelewesha uponaji.

Kisha seli zinazaana, zinaungana na kuwa nyuzi changa. Ukizitazama kwa hadubini utaona viini vimepangana katikati ya uzi kama shanga, wakati katika uzi uliokomaa vimesukumwa pembeni. Hapo ndipo hitaji la protini linapopanda. Seli hutengeneza kwanza ribosomu nyingi mpya, kisha huwasha swichi kuu ya kazi hiyo, protini iitwayo mTOR. Kila ujumbe wa RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, una kofia kichwani, na ribosomu haianzi kuusoma mpaka kofia hiyo ishikwe. Protini iitwayo 4E-BP1 huzuia kama kabari. mTOR ikiwaka huibandika fosfati, kabari inachomoka, kazi inaanza. Panya waliopewa rapamaisini, dawa inayoizima mTOR, nyuzi zao mpya zilibaki nyembamba.

Swichi hii huwashwa na vitu vitatu: homoni za ukuaji na insulini, msuli kuvutwa na kubeba uzito, na asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini, hasa kimoja kiitwacho leusini. Sasa rudi kwenye kongoro. Protini ya ngozi na kano haina kabisa triptofani, asidi amino nyingine ya lazima, na leusini yake haifiki nusu ya ile ya samaki. Supu inashibisha na inatia joto, lakini si tofali la kujengea msuli.

Kijana mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.25 za protini kwa kila kilo ya mwili katika mlo mmoja. Mzee hukaribia 0.4, kwa kuwa msuli wake husikia leusini kwa shida. Mtu wa kilo 60, basi, ni gramu 15 akiwa kijana na 24 akiwa mzee. Kipande cha kibua au changu cha gramu 100 kilichopikwa kina zaidi ya 20. Yai moja lina 6. Chai na mahamri matupu hayafiki. Ongeza sahani ya mbaazi za nazi na yai. Kosa la kawaida ni kula samaki wote usiku. Msuli hauna ghala la protini, na mwitikio wa mlo mmoja huisha baada ya saa chache, kwa hiyo gawa mara tatu au nne. Mwezi wa Ramadhani, daku isiwe chai na mkate tu. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Baada ya siku tatu mpaka tano, maumivu yakipungua, aanze kukunja na kunyoosha taratibu bila uzito, kisha kutembea, kisha kuongeza mzigo wiki baada ya wiki. Msuli uliolazwa muda mrefu huacha kuitikia hata chakula kizuri, huku protini za MuRF1 na atrogini-1 zikiubomoa.

Na mtu aliyebondwa sana au kufanya kazi nzito kupita kiasi, akikojoa mkojo wa rangi ya chai kavu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo: protini ya msuli uliokufa inapita kwenye figo na inaweza kuziua.

Mwalimu wa fiziolojia,
Chumbageni, Tanga