Geuza dumu utazame kitako kabla ya kulipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasomaji wanaonunua madumu, iwe kwa safari ndefu, kwa boti, kwa jenereta au kwa akiba ya maji wakati wa mgao. Sokoni dumu huchaguliwa kwa bei na kwa rangi. Vyote viwili havikuambii plastiki yenyewe imekusudiwa kubeba nini, na ndiyo maana dumu lile lile la njano lililokuja na mafuta ya kula utalikuta nyumba hii lina maji ya kunywa, nyumba ya pili lina petroli.

Ligeuze kwanza. Kwenye kitako au ubavuni kuna alama zilizotoka na umbo lenyewe kiwandani. Pembetatu ya mishale yenye namba 2 ndani yake, au herufi HDPE chini yake, ndiyo plastiki ya kutafuta: ngumu, haivunjiki ovyo, inavumilia kugongwa. Namba 1 ni ile ya chupa za soda na maji ya dukani. Ni nyepesi, hujikunja ikitiwa maji ya moto na haifai kubebeshwa safari baada ya safari. Namba 3 iache kabisa kwa maji ya kunywa. Kama dumu ni la maji, tafuta pia mchoro wa glasi na uma, maana yake plastiki hiyo imekubaliwa kugusana na chakula.

Kwa mafuta ya gari hayo hayatoshi. Hapo unatafuta mstari unaoanza na herufi UN ndani ya duara, alama ya Umoja wa Mataifa kwa vyombo vya mizigo ya hatari, kisha 3H1 kwa dumu la plastiki lenye mdomo mdogo, au 3A1 kwa la chuma. Inafuata herufi X, Y au Z. Petroli inataka X au Y. Z ni ya vitu vyenye hatari ndogo zaidi, dizeli ikiwemo. Dumu la daraja la Y limepita jaribio la kuangushwa likiwa limejaa kutoka mita 1.2 bila kuvuja. Karibu na hapo utaona kisaa kidogo chenye mshale: kinataja mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kwa kanuni za kusafirisha mizigo ya hatari, dumu la plastiki hupewa miaka 5 tu tangu tarehe hiyo. Muuzaji wa madumu yaliyotumika hatalitaja hilo, hivyo lisome mwenyewe.

Kwa nini ugumu wote huu? Kwa sababu petroli hupenya plastiki ya kawaida. Haivuji kwa tundu. Mvuke wake unapita polepole kwenye ukuta wa dumu, na ndiyo harufu ile unayoisikia ndani ya gari hata kama kifuniko kimekazwa sawasawa. Madumu mazuri ya mafuta huwekewa tabaka la kuzuia au hutiwa dawa ya fluorini kwa ndani. Dumu la mafuta ya kula halina kitu hicho: ubavu wake hulainika, huvimba, na mwishowe halikai tena wima. Na kwa kuwa plastiki imeshainywa petroli, hakuna sabuni wala maji ya moto yatakayoirudisha kuwa chombo cha maji. Lililobeba petroli siku moja ni la petroli maisha yake yote. Lililobeba dawa ya mimea au ya kuogeshea mifugo litobolewe, lisirudi jikoni.

Sasa kifuniko, ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii kabisa. Dumu huvuja mdomoni muda mrefu kabla ya kupasuka tumboni. Dawa ya mtaani ni kukata kipande cha mfuko wa nailoni, kukitandaza mdomoni na kukaza kifuniko juu yake. Kwa maji, sawa. Kwa petroli, nailoni ile inakatwa na meno ya kifuniko, na ukikaza zaidi unaharibu njia za kukazia shingoni, ambazo hazitengenezeki. Wengine huchonga washa, yaani pete ya kuzibia ndani ya kifuniko, kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Mpira wa tyubu ukikutana na petroli huvimba na kuteleza nje ya nafasi yake. Washa inayodumu ni ya mpira wa nitraili, ule ule unaotumika kwenye mabomba ya mafuta ya magari. Maduka ya vipuri wanao. Nunua mbili, moja iwe ya akiba.

Kabla ya kulipa, bonyeza ubavu kwa kidole gumba. Ukizama kirahisi na kubaki na alama nyeupe, plastiki ni nyembamba au imechoka. Dumu imara la lita 20 huwa na uzito wa kilo moja hivi likiwa tupu. Ukiliinua ukaona kama umeinua hewa, lirudishe. Fuata kwa kucha mshono unaopita kwenye kitako, kisha mahali kishikio kinapoungana na bega, maana nyufa huanzia huko. Kisha nyumbani lijaze maji, likaze, lilaze kichwa chini juu ya boksi kavu usiku kucha. Boksi likiamka na doa, umejua kabla barabara haijakujulisha. Tahadhari na madumu meusi ya plastiki iliyoyeyushwa upya: bei yake nzuri, lakini hupasuka yakidondoka.

Dumu la chuma la lita 20 lilibuniwa na jeshi la Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili, na Waingereza wakaliiga baada ya debe zao nyembamba kuwavujia jangwani Afrika Kaskazini. Vishikio vyake vitatu vina sababu: watu wawili hubeba moja kwa pamoja, na mtu mmoja hushika matupu mawili kwa mkono mmoja. Ile michoro ya msalaba ubavuni huipa bati nguvu na nafasi ya kutanuka. Kwa petroli ya safari sijaona kilichokishinda chombo hiki. Ubaya wake ni uzito, zaidi ya kilo 4 likiwa tupu, na kutu. Ukilihifadhi nusu, hewa ya ndani hutoa unyevu usiku, maji hutua chini, na kwenye dizeli vijidudu huota hapo hapo na kuziba filta. Debe la mabati yenye zinki usilitie dizeli hata kidogo.

Usijaze mpaka mdomoni. Petroli lita 20 ikipanda joto kutoka nyuzi 20 hadi 40 huongezeka karibu mililita 400, kwa hiyo ishia lita 19. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya anapanda mita 1,700 hivi, kanieneo ya hewa inapungua karibu moja ya tano, na dumu lililokazwa pwani linafika limetuna. Fungua polepole, mbali na moto. Wakati wa kujaza, shusha dumu chini kwenye ardhi. Likikaa kwenye kitanda cha plastiki cha pikapu hukusanya umeme wa msuguano, na cheche moja inatosha. Uzito nao uhesabu: lita 20 za maji ni kilo 20, za dizeli karibu 17, za petroli karibu 15.

Kwa maji mambo ni mepesi zaidi. Mdomo mwembamba wenye koki ni bora kuliko ndoo, kwa sababu hakuna mkono wala kikombe kinachozama ndani. Ukijani ukiota, tia kokoto ndogo safi, sabuni na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, suuza. Klorini ipimwe kama chupa inavyoelekeza, na maji yangoje dakika 30. Weka kivulini, jua huila plastiki na mwanga hulisha ukijani. Kiwango cha dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani familia ya watu 5 inataka karibu madumu manne kila siku.

Rangi zisikudanganye: Marekani njano ni dizeli na buluu ni mafuta ya taa, na madumu ya huko yanafika masoko yetu. Andika jina la kilichomo kwa rangi ya kupaka isiyofutika kwa maji, pande mbili. Usiliandike kwa msumari wa moto dumu lililowahi kubeba petroli, wala usipeleke la chuma kwa fundi wa kuchomelea. Likiwa tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Ombi langu kwa wenye maduka: uzeni vifuniko na washa kando. Madumu mengi mazima hutupwa kwa kukosa kifuniko tu.

Msomaji wako,
Mwanza