YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINE YA MVUKE NILIYOUZIWA KWA UKUTA WA JIPSAMU, NA KUDHALILISHWA KAUNTANI

Meneja wa Tawi,
Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti yenu ya kurudisha bidhaa yamebandikwa nyuma ya keshia na mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia.

Niliporudisha mashine ya mvuke ya kubandulia wolpepa nilimwomba kijana wenu wa kaunta jambo moja tu: ajaze maji, achomeke, ichemke, aone mwenyewe inavyovuja pale bomba la mpira linapoungana na sahani ya kutolea mvuke. Alikataa. Alifungua kifuniko, akaipindua mashine, maji yaliyobaki yakalowesha risiti yangu, kisha akasema foleni nzima ikisikia: "Mafundi maiko mnaua mashine halafu mnaturudishia sisi," yaani mafundi wa kubahatisha. Akaisukumia chini ya meza kwa mguu.

Mashine yenyewe, hata ingekuwa nzima, haikufaa kwa kazi ile. Proforma, ile karatasi ya bei mliyoiandika ninyi wenyewe kabla ya mauzo, inasema "kubandua wolpepa, ukuta wa jipsamu". Mvuke una mahali pake. Ukuta wa tofali wenye plasta ya saruji unauvumilia. Gundi inalainika na skrepa, bapa la kukwangulia, inapita. Jipsamu bodi ni unga uliogandishwa katikati ya karatasi mbili, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko kwenye hizo karatasi. Mvuke ukiingia, karatasi inavimba, inaachana na unga na kuota malengelenge, na skrepa ikipita inaondoka na wolpepa pamoja na ngozi ya bodi. Ndicho kilichotokea. Duka linalouza bodi hizo hizo linapaswa kulijua hilo.

Juu yake nikaongezewa gurudumu la meno la kutobolea wolpepa. Kwenye plasta linasaidia, kwa sababu wolpepa ya vinyl haipitishi maji na vitundu vinayafikisha kwenye gundi. Kwenye jipsamu meno yanapenya mpaka karatasi ya bodi, na kila kitundu kitadai puti ya kukiziba. Nilipohoji, kijana alinijibu kwamba "vinauzwa pamoja".

Vifaa vya kazi ile ni vya bei ndogo na vyote mnavyo: skrepa pana ya inchi 4 hadi 6 ambayo pembe zake zimesagwa kidogo zisichimbe, chupa ya kupulizia, sponji, ndoo mbili, nailoni ya kutandika sakafuni na sabuni ya maji ya vyombo. Umeme wa soketi za ukuta huo unazimwa kwanza kwenye main swichi. Vinyl inavutwa ikiwa kavu, kuanzia kona ya chini, mkono ukienda sambamba na ukuta. Ukiivutia kwako inang'oa bodi. Tabaka la juu likitoka, la karatasi linabaki, na hilo ndilo linalopuliziwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kipande cha mita moja hivi kwa wakati. Yanapuliziwa, hayamwagwi. Subiri dakika 10 hadi 15, kisha laza skrepa karibu iguse ukuta. Ikigoma, pulizia tena, usikaze mkono. Gundi iliyobaki inaoshwa kwa sponji na maji yanabadilishwa kila yakiteleza, maana rangi ikipigwa juu ya gundi itapasuka na kubanduka. Ukuta ukauke kabisa, ndipo msasa na praima, yaani rangi ya msingi.

Skrepa mliyonipa ni ya inchi 2, bati linalopinda, pembe kali. Kwenye bodi iliyolowa inachimba mifereji.

Ndugu Meneja, narudi kauntani kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu. Ndiye aliyelipia vifaa, na ndiye aliyeshika ile proforma. Kijana wenu alimtazama yeye, siyo mimi, wakati anasema "mafundi maiko". Maji yalikuwa yanatiririka mezani, watu wanacheka, na mashine iko chini ya meza bila mtu yeyote kuiwasha. Hakuna aliyegusa bomba. Hakuna aliyeangalia kama oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia uvujaji kwenye kiungo, ipo. Haipo, na nilipoitumia kazini maji ya moto yalikuwa yanadondoka karibu na soketi. Mtu angeungua au kupigwa shoti. Fundi anaishi kwa jina lake, nanyi mmelichafua jina hilo mbele ya mteja wake.

Na kabla ya kuja nilikuwa nimepiga simu tawini kwenu, nikajibiwa, "Ilete tu fundi, tutakubadilishia."

Siku ile ningeridhika na oringi mpya na skrepa sahihi. Sasa nataka fedha yote ya mashine, gurudumu na skrepa. Nataka pia bodi mbili za futi 4 kwa 8, unene wa milimita 12, pamoja na tepu ya maungio, puti na ujira wa kuzifunga upya, kwa kuwa zilizopo hazitengenezeki. Na nataka barua ya kuomba radhi yenye muhuri wenu, nakala moja iende kwa mama mwenye nyumba. Kijana naye aombe radhi palepale kauntani, kwa sauti ileile.

Nawapa siku 7 tangu mpokee barua hii. Zikipita, malalamiko haya yatakwenda Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kumlinda mlaji, na mashine itakwenda Shirika la Viwango ikiwa na proforma yenu na picha za bodi. Mafundi rangi ninaofanya nao kazi wameshaziona picha hizo. Wanasubiri jibu lenu kabla ya kuamua watanunua wapi.

Wenu,
Fundi rangi na mapambo ya ndani

Viambatanisho: proforma, risiti (iliyolowa), picha za ukuta na za kiungo cha bomba.