Zuhura, nina ramani chini ya godoro

Tarime, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mafua tu, na umeme umekatika tangu magharibi, kwa hiyo mwandiko uuvumilie. Najua nimekaa kimya miezi mitano. Nikisema ni kazi nitakuwa nakudanganya, uvivu nao umo. Mwita akikuambia nilikuwa naumwa usimsikilize, ananitetea.

Nakuandikia kwa sababu ya karatasi nne zilizo chini ya godoro langu. Usicheke.

Unakumbuka ule mradi wa vijana wa mpakani, wa Sirari ya kwetu Tanzania na Isebania ya Kenya, niliokuwa najigamba nao? Ubunifu shirikishi: vijana wenyewe waamue programu ya simu ya kutunza lugha zao iweje. Tulikaa nao siku tatu, vijana kumi na wanane, nusu wa upande huu na nusu wa ule, wengi Wakuria, na Wajaluo wachache. Siku ya kwanza ilianza vibaya. Nilikuwa nimechapisha fomu yenye mstari mmoja: "Lugha yako ya kwanza." Bhoke, binti wa kidato cha pili, akanyoosha mkono: "Dada, ya kwanza kuzaliwa nayo au ya kwanza asubuhi?" Nikadhani ananitania. Wapi! Nyumbani Kikuria, njiani Kiswahili, darasani Kiingereza, na akivuka kwenda sokoni ni Sheng, asije akapigwa bei ya mgeni. Fomu nikazitia kwenye mkoba.

Halafu ikaja ile ya bibi. Kijana wa Sirari anasimulia kwamba bibi yake ndiye aliyemlea, wa Isebania wakaangua kicheko, maana wao bibi ni mke. Binti mmoja wa Kenya akataka kusuluhisha: "Anamaanisha nyanya yake." Ikawa zamu ya Watanzania kugaragara: kalelewa na nyanya, vitunguu je? Mwishowe mtu akamtaja huyo bibi kwa Kikuria, wote wakatulia, hadithi ikaendelea. Kiswahili kimewatenga, Kikuria kimewakusanya, na sisi tulifundishwa kinyume chake tangu darasa la kwanza! Hilo nalitafuna mpaka leo.

Sasa hizo karatasi. Siku ya tatu niliwagawa makundi manne, nikawapa kalamu za rangi: chora unakopita kwa wiki nzima, kila lugha na rangi yake. Wamechora vizuri mno, ndiyo balaa yenyewe. Kituo cha mpakani wamekiweka pembeni, kijumba kama banda la kuku, hakuna mstari unaokigusa. Mistari ya kijani, yaani Kikuria, inakata mpaka katikati ya mashamba: kwa shangazi, kisimani, kwa fundi baiskeli. Njia za panya, Zuhura, zote. Nyingine wameiandika hadi jina la mwenye shamba.

Mfadhili ameziona kwenye simu yangu na anazitaka kwa maonyesho, na majina ya vijiji yabaki, eti ndiyo uhalisia. Nimemwambia nazikausha. Wiki ya tatu hii nazikausha.

Sidhani kama ni woga wangu tu. Kuna mmoja, simtaji, amesoma pande zote mbili. Kenya inakubali uraia pacha tangu katiba ya 2010. Kwetu mtu mzima hakubaliwi. Ramani ya kundi lake inaonyesha anakolala siku za shule na anakolala likizo. Waingereza na Wajerumani walipiga rula yao 1886, Wanyabasi, ukoo wa Wakuria, wakabaki huku na huko, na leo mimi ndiye nimemkabidhi mtoto wa watu kalamu ya kijani ajichongee.

Nilisoma kwamba mambo haya ya kubuni pamoja yalianzia Skandinavia miaka ya 1970, wafanyakazi wa chuma Norwei walipokataa kuletewa kompyuta kiwandani bila wao kuulizwa. Sawa, lakini wale walikuwa na chama cha kuwatetea. Hawa wangu wana mimi, na mimi mshahara wangu unatoka kwa huyo huyo mfadhili.

Nilimdokezea Bhoke kwamba labda tufute njia tubakishe rangi. Akanitazama. "Dada, ukitoa njia, kinabaki nini?" Sikuwa na jibu. Kweli, Kikuria chao hakipo nyumbani na kijijini tu, kipo njiani, kwenye kule kuvuka. Nikifuta hapo nimefuta...

Basi wewe uliyesomea ramani, niambie. Kuna namna ya kuchora safari bila kuonyesha mahali, nani anakwenda kwa nani na kwa lugha gani, ardhi yenyewe isionekane? Au nizirudishe kwao Jumamosi waamue, wazichane wakitaka? Na wakitaka zitundikwe, nawakubalia, watoto wa miaka kumi na sita? Wewe ungemjibuje Bhoke? Unaweza kupanda basi Ijumaa? Nauli nitakurudishia mwisho wa mwezi, safari hii kweli. Na lile deni la Rehema, alilipa?

Nijibu kabla ya Alhamisi, hata kwa mistari miwili.

Wako,
Saada