Yah: Malalamiko kuhusu kifurushi cha vipuri vya amplifaya ya Heathkit SB-220

Mafundi wa Redio za Ridhaa,
Tanga.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Vipuri vya Elektroniki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tulinunua kwenu kifurushi cha kufufua sehemu ya umeme mkubwa ya amplifaya ya Heathkit SB-220, kifaa cha kuongeza nguvu ya redio ya kutumia mawimbi, pamoja na jozi ya valvu 3-500Z, yaani taa za kioo zinazokuza mawimbi hayo. Ujumbe wenu wa wiki iliyopita unasema kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi, na kwamba hakuna mteja mwingine aliyelalamika. Tunawaomba muisome barua hii yote kabla ya kurudia jibu hilo, kwa sababu jambo kubwa humu si fedha zetu. Kifurushi hiki kikifungwa kama karatasi yenu ya maelekezo inavyoelekeza, kinaweza kuua mtu.

Tuanze na rezista. Mfuko umeandikwa kiloomu 100, wati 3. Zilizomo ndani zina mistari ya njano, zambarau, njano, yaani kiloomu 470. Za kiloomu 100 zingekuwa kahawia, nyeusi, njano. Tumezipima zote nane kwa testa, na hakuna iliyosoma chini ya 460. Urefu wa mwili ni milimita 9 tu, kwa hiyo ni za nusu wati. Aliyefunga mfuko alibandika lebo ya mzigo mwingine, na hakuna aliyepima hata moja kabla ya kuutuma.

Rezista hizi zina kazi mbili. Ya kwanza ni kugawa volti kati ya kapasita, vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme. SB-220 ilitoka kiwandani na kapasita nane za maikrofaradi 200, volti 450, zilizofungwa mfululizo, na zote kwa pamoja hubeba volti kama 3,000 swichi ikiwa upande wa SSB, yaani wa kutuma sauti. Kila moja inatakiwa kubeba 375. Lakini kapasita za elektroliti hazivuji sawasawa, na ile inayovuja kidogo ndiyo hubebeshwa volti nyingi. Rezista iliyofungwa sambamba na kila kapasita husawazisha hali hiyo, ilimradi mkondo wake uwe mkubwa kuliko tofauti ya uvujaji.

Heathkit walitumia kiloomu 30 za wati 7. Kila moja hupitisha miliampea 12.5 na kutoa joto la wati 4.7. Zote nane zinatoa wati 37 na nusu ubavuni mwa kapasita, na joto hilo ndilo linalozikausha. Ndiyo maana mafundi wengi wamehamia kiloomu 100 za wati 3. Mkondo unashuka hadi miliampea 3.75, joto hadi wati 1.4 kwa kila rezista, na mgawanyo bado unashika. Tofauti ya uvujaji ya miliampea 0.5 kati ya kapasita mbili inaweza kuzitofautisha kwa volti 50. Kwa kiloomu 470 tofauti hiyohiyo inaweza kufika volti 235, na hapo hakuna mgawanyo tena. Isitoshe, rezista za nusu wati kwa kawaida huvumilia volti 350 tu, hata kama wati zenyewe hazijafikiwa. Hapa zingepewa 375 kila amplifaya inapowashwa.

Kazi ya pili ni kumwaga chaji baada ya kuzima, na hii ndiyo iliyotufanya tuandike badala ya kupiga simu. Kwa kiloomu 30 na maikrofaradi 200, volti 3,000 hushuka chini ya 50 kwa sekunde 25 hivi. Kwa kiloomu 100 na kapasita zenu za maikrofaradi 220, inachukua dakika moja na nusu. Kwa kiloomu 470 inachukua dakika saba. Karatasi yenu, hatua ya 14, inasema: zima, subiri sekunde 10, fungua kifuniko. Baada ya sekunde 10, rezista mlizotuma zitakuwa zimebakiza volti 2,700 na zaidi. Kapasita nane za maikrofaradi 220 zikiwa mfululizo hufanya maikrofaradi 27.5, na kwa volti 3,000 zinahifadhi jouli zaidi ya 120. Chaji hiyo ikipita kifuani, mtu haamki.

Huenda mtajibu kwamba SB-220 ina kipande cha chuma kinachopiga shoti umeme mkubwa kwenda kwenye chesisi (fremu ya chuma) kifuniko cha ndani kinapoondolewa. Ni kweli kipo, lakini amplifaya hizi zimepita mikono mingi, na katika nyingi kipande hicho kimepinda au kimetolewa. Hata kikiwa kizima, hakikuwekwa ili kumwaga volti 2,700 kila siku. Kikifanya kazi hiyo, mkondo wa ghafla hupita katika rezista ya omu 0.82 inayopimia mkondo wa gridi (wavu wa waya ndani ya valvu), ikaungua na kuondoka na mita. Anayejua hufunga dayodi ya 1N5408 sambamba na rezista hiyo, na rezista ya waya ya omu 10 hadi 50, wati 10, kwenye njia ya umeme mkubwa ili kupunguza kasi ya mkondo. Vipuri hivyo viwili ni vya bei ndogo, na kifurushi chenu hakina hata kimoja.

Hatua ya 14 inapaswa kuandikwa upya. Fundi azime, achomoe plagi ukutani, asubiri dakika mbili zisizopungua, na ageuze swichi ya mita upande wa volti kubwa ili aone sindano imelala kwenye sifuri. Hata hapo asiiamini mita peke yake. Achukue kijiti kikavu chenye waya uliofungwa imara kwenye chesisi, aguse mwanzo wa mfululizo wa kapasita, kisha aache waya huo ukining'inia hapo muda wote anaofanya kazi, mkono mmoja ukiwa mfukoni.

Kuhusu kapasita, tangazo lenu linasema volti 450. Zilizofika zimechapwa 400. Sisi tuko kwenye umeme wa volti 230, na transfoma ya SB-220 hufungwa kwa 240. Usiku mzigo wa mtaa ukipungua, tunaona 250 kwenye soketi. Hapo 3,000 inakuwa karibu 3,125, na kila kapasita inabeba 390 hata kama mgawanyo ni kamili. Nafasi iliyobaki ni volti 10, na kwa rezista zenu mgawanyo kamili haupo.

Bodi ya saketi iliyomo kwenye kifurushi nayo ina kosa ambalo ni rahisi kulithibitisha. Shikeni moja iliyobaki dukani, ipindueni, na fuateni njia ya shaba kutoka nafasi ya tatu kwenda ya nne. Alama ya chanya kwenye nafasi ya nne imechapwa upande wa hasi. Anayefuata maandishi ya bodi ataigeuza kapasita hiyo. Kapasita ya elektroliti iliyogeuzwa hupitisha mkondo kama waya, huchemka, na hupasuka kifuniko. Mfululizo huu umegawanyika katika nusu mbili za kapasita nne nne, kwa kuwa saketi ya SB-220 ni ya kuzidisha volti mara mbili na ncha moja ya transfoma imeungwa katikati ya mfululizo. Kila nusu hupewa volti 1,500, na hazipungui kwa sababu kapasita moja imekufa. Tatu zilizobaki zitabeba 500 kila moja. Hata zingekuwa za 450 zisingepona, na hizi ni za 400. Zikifuatana kufa, dayodi 14 za kurekebisha umeme hufuata, na nyuma yao transfoma, kipuri ambacho hapa nchini ni vigumu kukipata.

Nafasi kati ya shaba yenye volti 3,000 na skrubu ya kufungia bodi ni milimita 4. Kwa hewa ya chumvi ya Pwani tungetaka 10.

Sasa valvu. Lebo inasema jozi imepimwa na kulinganishwa. Moja haina tatizo. Ya pili ikilazwa, testa kati ya pini ya 1 na ya 2 haisomi kitu, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu pini 1 na 5 ni za filamenti (waya unaopashwa moto ndani ya valvu), na 2, 3 na 4 ni za gridi. Ukiisimamisha wima na kuigonga taratibu kwa kidole, testa inashuka karibu na sifuri. Filamenti imelegea na inaigusa gridi. Na 3-500Z hutumika ikiwa wima tu. Valvu kama hii ikiwekwa kwenye SB-220, volti zinazoizima wakati hakuna anayetuma huishia kwenye chesisi kupitia gridi. Valvu inavuta mkondo bila kuamriwa, pleti, sehemu ya chuma inayopokea mkondo huo, inakuwa nyekundu, na choki (koili) za gridi zinaungua.

Fundi wenu alisema kwa simu kwamba soketi zetu ndizo zilizoiharibu. Soketi iliyolegea au yenye kutu huunguza pini za filamenti, maana ampea 14.5 zinapita hapo, na risasi ya kulehemu iliyomo ndani ya pini huyeyuka na kutoka. Huo ni ugonjwa wa kweli wa valvu hizi, hasa feni ikiwa dhaifu. Lakini tazameni picha tulizoambatisha. Pini zote tano zinang'aa, risasi ya kiwandani iko mahali pake, na hakuna alama ya soketi kwenye chuma, kwa sababu valvu hii haijawahi kuingizwa kwenye soketi. Tuliipima ikiwa bado kwenye boksi lake, na boksi hilo lilisafirishwa likiwa limelazwa, bila sponji pembeni. Filamenti ya 3-500Z ni ya tangsteni yenye thoriamu, na ni rahisi kuumia. Isafirishwe imesimama, ikiwa na sponji nene pande zote.

Kwenye maelekezo yenu hakuna neno lolote kuhusu valvu iliyokaa stoo muda mrefu. Mwenye kuipokea anapaswa kutenganisha waya za kuingizia umeme kwenye transfoma ya pleti na kuzifunika vizuri, kisha awashe filamenti na feni peke yake kwa saa 24, volti kati ya pini 1 na 5 zikiwa 5.0. SB-220 inaruhusu hilo kwa sababu transfoma ya filamenti iko peke yake. Kapasita mpya nazo zipandishwe volti polepole kwa transfoma ya kurekebisha volti. Karatasi yenu inasema washa na utumie.

Hatua ya mwisho ya karatasi inaelekeza kuunga tundu la rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) la SB-220 moja kwa moja na transiva yoyote ya kisasa, yaani redio inayotuma na kupokea. Tundu hilo lina volti kama 120 za DC. Transiva nyingi za sasa huwasha amplifaya kwa tranzista ndogo isiyovumilia volti hizo, na kosa hilo hugharimu matengenezo ya transiva nzima. Katikati iwekwe rilei ndogo ya volti 12, au saketi ya tranzista inayohimili volti 300.

Madai yetu ni haya. Kwanza, na kabla ya kutujibu sisi, mpigieni simu kila aliyenunua kifurushi hiki na mumwambie asiwashe amplifaya mpaka apime rezista na akague nafasi ya nne ya bodi. Kumbukumbu za mauzo mnazo. Kusema kwamba hakuna mwingine aliyelalamika hakututulizi hata kidogo, kwa sababu wengi wa wanunuzi huenda bado hawajafungua mfuko. Ondoeni vifurushi vilivyobaki dukani na kwenye tangazo.

Pili, tutumieni rezista nane za kiloomu 100, wati 3, za filamu ya oksidi ya metali, kapasita nane za maikrofaradi 220, volti 450, zinazohimili nyuzi joto 105, na bodi iliyosahihishwa. Kama bodi mpya itachelewa, rudisheni fedha yake, tutatengeneza yetu.

Tatu, badilisheni valvu mbovu kwa nyingine iliyopimwa ikiwa wima, gharama za usafiri zikiwa juu yenu pande zote mbili. Kuturudishia nusu ya bei, kama mlivyopendekeza, hatukubali. Valvu moja bila mwenzake haina kazi kwenye amplifaya hii.

Tunatoa siku 14 kwa vipuri. Kwa taarifa kwa wanunuzi wengine hatutoi hata siku moja: fanyeni leo. Hamjui nani ameketi usiku huu mbele ya SB-220 iliyofunguliwa, anahesabu sekunde 10. Mkihitaji, tuko tayari kuandika upya maelekezo yote ya Kiswahili, hatua kwa hatua, bila malipo, ili yaambatane na kifurushi kilichosahihishwa.

Wenu,
Mafundi wa Redio za Ridhaa, Tanga

Viambatisho: picha sita za rezista, bodi na pini za valvu, nakala ya stakabadhi, rezista mbili kati ya nane, ili mzipime wenyewe.