Hatukukuuzia "Treni ya Kijijini": Kwa Nini Tunakushusha Njiani Wakati wa Theluji

Sisi tunawapangia wageni safari za treni za milimani Uswisi. Ujumbe uliingia saa tano usiku, wa sauti, dakika nne nzima. Mzee mmoja wa Dar es Salaam, yuko hotelini St. Moritz na wanawe wawili, anasema tumemwibia. Kosa letu: siku nzima tumempandisha treni nyekundu za kawaida, "za kijijini, watoto wanapanda na mabegi ya shule," na mchana, wakiwa wamesimama na baridi yao stesheni ya Alp Grüm, ikapita Bernina Express, ile treni ya watalii, madirisha yamepanda mpaka darini, watu wamekaa humo wanapiga picha. "Mimi nimelipa, bwana. Halafu mnaniweka kwa mama ntilie."

Si wa kwanza. Kila Desemba malalamiko ya namna hii huja matatu au manne, na mimi huandika maelezo yale yale kwa kila mtu. Safari hii nayaweka hapa, atakayeuliza tena nimtumie.

Mzee wangu, reli ni moja. Treni ya vioo na treni ya wanafunzi zinapita juu ya chuma kile kile, kutoka Chur mpaka Tirano upande wa Italia, kwa kampuni ile ile ya Rhaetian Railway. Daraja la Landwasser, lile la matao sita lililokamilika 1902, kimo cha mita 65 kutoka chini, linawapitisha wote na kuwaingiza wote kwenye handaki lililotobolewa kwenye ukuta wa mwamba. Nauli nayo ni ile ile. Kinachoongezeka kwenye Bernina Express ni malipo ya kuweka nafasi, ambayo ni lazima, na siti ile ni yako kwenye treni ile tu. Ukishuka kupiga picha, umeiaga.

Na madirisha yake hayafunguki. Hili watu hawalijui mpaka warudi nyumbani wakute kwenye kila picha ya mlima kuna taa ya dari na kipara cha jirani. Kwenye treni za kawaida, baadhi ya mabehewa bado yana dirisha linaloshushwa. Baridi inakukata masikio, lakini picha inatoka safi.

Sisemi Bernina Express ni mbaya. Mama mwenye magoti mabovu, mtu mwenye mtoto mchanga, mtu asiyetaka kukanyaga theluji kabisa, huyo tunamwekea nafasi wenyewe na tunamshauri akae upande wa kulia akitokea Chur. Mzee huyu hakuomba hivyo. Ujumbe wake wa Oktoba ninao: "Nataka wanangu washike theluji." Theluji haishikiki kupitia kioo.

Kuna jambo ambalo wanaopanga safari wakiwa Mombasa au Muscat hawalipigi hesabu, nalo ni mwanga. Sisi tumezaliwa mahali ambapo jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na kuzama karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima. Huku mwezi wa Desemba linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na nusu jioni, na ndani ya mabonde mlima unalificha mapema kuliko hapo. Ukitoa muda wa chai, unabaki na saa saba au nane za kuona kitu. Kwa hiyo kazi yetu yote ni kugawa mwanga: wapi uwe jua likiwa juu, wapi uruhusu giza likukute. Hicho ndicho unachotulipia.

Sasa angalia ile safari ambayo watu wengi hutuletea wameshaipanga wenyewe: Zurich hadi Tirano na kurudi, siku moja. Kwenye simu inapendeza. Zurich hadi Chur saa moja na robo hivi, Chur hadi Tirano saa nne na zaidi, halafu geuza. Karibu saa kumi na moja ndani ya behewa, na sehemu kubwa ya kurudi unatazama sura yako mwenyewe kwenye kioo cheusi. Kijana mmoja wa Nairobi alifanya hivyo pamoja na mchumba wake baada ya kukataa mpango wetu wa siku mbili kwa sababu ya bei ya chumba. Tirano walikula pizza wakitazama saa, na kurudi walilala njia nzima. Mwaka uliofuata alilipa tena safari ile ile, kwa siku mbili.

Lakini njia ya mkato inayoumiza zaidi ni tiketi ya punguzo. Nitakaa hapa kidogo, maana ndiyo inayotuletea ugomvi.

Tiketi ya kawaida ya Uswisi ina uhuru mkubwa: ndani ya siku yake unapanda treni yoyote ya njia hiyo, unashuka, unazunguka, unapanda inayofuata. Tiketi ya punguzo imefungwa kwenye treni moja, ya saa moja. Programu ya simu inakuandikia hilo, kwa herufi ndogo, baada ya wewe kuona bei na moyo kufurahi. Familia ya watu watano ilitununulia mpango wa vituo, kisha, bila kutuambia, wakaenda kununua tiketi za punguzo za Zurich hadi St. Moritz ili "waokoe kidogo". Wakashuka Filisur, karibu na lile daraja la Landwasser, kama tulivyowaandikia, wakaliona, wakapanda treni iliyofuata. Kondakta akaja, mpole sana, akazisoma tiketi moja moja, akatoa kimashine chake. Walicholipa pale kilimeza akiba yote na kubakiza deni. Halafu simu ikapigwa kwetu: mbona hamkutuambia? Tuliwaambia. Ukurasa wa pili wa mpango, mstari wa kwanza, wino mwekundu. Sasa tunauweka ukurasa wa kwanza.

Kwa wageni wa kutoka nje ya Uswisi mara nyingi Swiss Travel Pass, pasi ya treni ya siku kadhaa, ndiyo inayolipa, maana inafika mpaka Tirano, na mtoto wa miaka 6 hadi 15 anayesafiri na mzazi hatozwi akiwa na kadi ya familia, ambayo ni bure. Ila haiuzwi kwa mkazi wa Uswisi. Dada yako anayeishi Basel hawezi kuitumia, hata mkifanana.

Vituo vyenyewe? Hatuna orodha moja ya kila mtu, lakini tukitoka Chur asubuhi kawaida tunamshusha mgeni Filisur. Kutoka stesheni hadi mahali pa kulitazama daraja ni mwendo wa nusu saa hivi kama njia imesafishwa, na kama haijasafishwa tunajua kabla, hatukupeleki. Baadaye Bergün. Hapa treni inageuka lifti: unakodi sleji, ile ya mbao ya kukalia, unapanda treni hadi Preda, na unateleza kilomita 6 kurudi Bergün, juu yako treni nyingine zikizunguka mlima kama nyoka aliyejikunja ili kupata kimo. Mama mmoja wa Tanga, miaka sitini na kitu, buibui lake amelifunga kiunoni kwa mtandio, aliwaacha wanawe wote nyuma. Alipofika chini alitaka kupanda tena. Mpango wetu ulikuwa na kushuka mara moja tu, tukaubadilisha kwa simu, tukaukata muda wa Pontresina, stesheni ya mbele. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na treni kila saa na tiketi isiyofungwa.

Ukivuka Ospizio Bernina, kilele cha njia hii, mita 2,253 juu ya usawa wa bahari, ziwa la Lago Bianco limeganda na theluji imelifunika, huwezi kujua ni maji. Treni hii inapanda mpaka hapo bila meno ya kung'ata reli na inavuka kwa juu, haipiti handaki chini ya kilele. Kisha Alp Grüm. Stesheni hii haina barabara ya gari. Ni treni au miguu yako. Unasimama nje, barafuto (mto wa barafu) ya Palü iko mbele yako, na chini kabisa unaona bonde la Poschiavo ambako unakwenda. Kutoka kilele cha njia hadi Tirano unashuka zaidi ya mita 1,800 kwa kilomita 38 hivi, na karibu na Brusio treni inajizungusha duara zima juu ya daraja la matao, ipite chini ya daraja hilo hilo. Pale Alp Grüm ndipo wanawe mzee wetu walipokuwa wakirushiana theluji Bernina Express ilipopita. Yule mama wa Tanga naye, pale pale, alichota theluji kwa kifuniko cha chupa ya chai, akaionja, akasema imekosa ukwaju tu.

Usiku tunapendekeza Poschiavo au Bergün. Vyumba vya St. Moritz wakati wa Krismasi mimi mwenyewe sivimudu.

Mambo madogo nayapitia haraka. Pasipoti ibebe, usiiache kwenye kabati la hoteli: Tirano ni Italia, viza ya Schengen inakubalika nchi zote mbili, lakini mpakani wakitaka kukagua hawatasubiri hadithi. Vituo vingi vidogo treni haisimami mpaka ubonyeze kitufe. Tumeshapoteza wageni waliosimama mlangoni wakingoja isimame yenyewe. Fondue inapikwa na mvinyo mweupe, kwa hiyo wageni wetu Waislamu tunawaelekeza kwenye raclette, jibini iliyoyeyushwa inayoliwa na viazi. Betri ya simu hufa kwa baridi, iweke mfuko wa ndani.

Na saa! Binti mmoja alimsomea mama yake tiketi kwa simu: "Treni ni saa nane na dakika hamsini na nane." Tiketi ilisema 8:58. Mama, Mswahili halisi, akalala vizuri, akanywa chai, akafika stesheni ya Chur saa nane mchana amependeza. Tangu siku hiyo kila muda kwenye mipango yetu tunauandika mara mbili: 8:58, saa tatu kasoro dakika mbili asubuhi. Wateja wengine hucheka. Hakuna aliyechelewa tena.

Bei. Tunatoza faranga 120 kwa familia kupanga siku mbili, na najua ratiba ni bure kwenye simu. Asubuhi ya safari yako mmoja wetu anaamka saa kumi na moja, anafungua kamera za mubashara za milimani, anaangalia kama njia imefungwa. Ukungu ukilala Zurich wageni hutaka kuahirisha. Sisi tunaona kwenye kamera kwamba huko juu ya mita 2,000 kuna jua kali, tunawaambia twendeni. Siku nyingine ni kinyume, tunasema kaeni. Januari 2018 theluji ilikata njia za kuingia Zermatt, wageni 13,000 hivi wakakwama kijijini. Ndiyo maana hatupangi ndege ya kurudi siku inayofuata milima, na mteja anayelazimisha hivyo tunamwandikisha kwamba ameambiwa.

Mzee wa Dar nimemjibu asubuhi yake. Nimemwambia kama bado anataka behewa la vioo, siku ya kurudi ilikuwa na nafasi tatu, malipo ya nafasi yatoke kwetu. Alikubali. Jioni akatuma picha za dirishani, zote zina taa ya dari.

Kwa wanaoulizia Desemba na Januari: tutumieni tarehe, idadi ya watu, umri wa watoto, na namba za viatu vya wote, bibi akiwemo. Minyororo ya kuvalisha viatu isiteleze tunaazimisha bure, lakini ya saizi ndogo tunayo jozi sita tu.